Wajibu Huanza Kabla ya Kumwagilia

Kibaraza cha mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku kina hadithi inayojirudia katika miji yetu. Maua hununuliwa mwisho wa mwezi kwa wauzaji wa kando ya barabara, yakiwa mabichi na yamechanua. Wiki ya kwanza humwagiliwa kila siku, wiki ya pili hukumbukwa mara moja, na kabla mwezi haujaisha yamebaki mabua makavu katika udongo uliosinyaa na kuachana na kuta za chungu. Mwezi unaofuata hununuliwa mengine. Watu hulihukumu jambo hili kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni uvivu, kwamba anayeshindwa kukumbuka kopo moja la maji hana moyo wa kulea chochote. Wapo pia wanaosema halina haja ya kujadiliwa, kwani ua ni ua, likifa hununuliwa jingine. Kwa maoni yangu hukumu zote mbili zimelenga pasipo. Ya kwanza inamlaumu mtu kwa kusahau, na hakuna asahauye kwa kupenda. Ya pili inamfutia lawama zote, ilhali kipo kitendo cha hiari kabisa kilichotangulia kusahau, nacho ni kuchagua. Hoja yangu ni kwamba wajibu wetu kwa mmea wa kibarazani huanza siku ya kuuchagua, na kwamba mtu mwenye shughuli nyingi anayechagua mmea unaoendana na usahaulifu wake anautimiza wajibu huo, haukimbii.

Tuanze na chungu chenyewe, kwa sababu ndicho kinacholeta swali la maadili. Mti uliopandwa ardhini una njia zake za kujitafutia. Mizizi hushuka kuufuata unyevu, hutambaa pembeni, na mvua ikinyesha udongo unaouzunguka huhifadhi sehemu ya maji hata baada ya mawingu kuondoka. Mmea ulio chunguni umenyimwa hayo yote. Mizizi yake ikifika ukutani hugeuka na kujizungusha, na udongo wake wote ni ule unaobebeka kwa mikono miwili. Chungu cha udongo wa kuchoma hupoteza maji hata kupitia kuta zake, kwa hiyo hukauka upesi kuliko cha plastiki. Kibarazani hali ni ngumu zaidi, maana paa linalomkinga mwenye nyumba na jua ndilo linaloikinga mimea na mvua. Katikati ya masika, maji yakichuruzika kutoka kwenye mabati hatua moja tu mbele ya chungu, udongo ulio ndani yake unaweza kuwa mkavu wa kutimka vumbi. Nyasi zilizojiotea uani hazimtegemei mtu. Mmea wa chunguni unamtegemea mtu kwa kila tone, na utegemezi huo haukuletwa na maumbile bali na yule aliyeuweka pale.

Utegemezi wa namna hii ndio unaoguswa na Hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake limeelezwa kwa makini: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Paka yule angekuwa wa mtaani, njaa yake isingeandikwa katika hesabu ya mwanamke yule. Kule kumfungia ndiko kulikoitoa riziki ya paka mikononi mwa maumbile na kuitia mikononi mwa mtu. Kanuni inayopatikana hapo ni pana kuliko paka na mwanamke mmoja: anayekiondolea kiumbe uwezo wa kujitafutia ameubeba mzigo wa kukitafutia.

Hapo pingamizi la kwanza linasimama, na lina uzito. Paka ana roho na anahisi njaa, lakini mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu, na hakuna aliyeonyesha kwamba unateseka. Wanazuoni wa sharia waliiona tofauti hiyo zamani. Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika Minhaj al-Talibin, moja ya vitabu vikuu vya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Humo anamwajibisha mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, kisha anasema kwamba vitu visivyo na roho, kama mfereji na nyumba, si wajibu kuvikarabati. Waliokisherehesha kitabu hicho wakaongeza jambo linalotuhusu moja kwa moja: kuacha kumwagilia mazao na miti, pale inapowezekana kumwagilia, ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza ingawa si haramu, kwa kuwa ni kupoteza mali. Ninaikubali tofauti hiyo, na sidai kwamba aliyeacha mrehani ukauke ana kosa sawa na aliyemfungia paka akafa njaa. Lakini kilicho makuruhu si kilichoruhusiwa bure bure, na mali si kitu pekee kinachopotea. Aristotle, aliyeipa mimea daraja la chini kabisa la nafsi, hata hivyo aliipa nafsi, kwa kuwa hujilisha, hukua na kuzaa. Mmea una heri yake na shari yake hata kama hauna hisia. Huligeukia jua, huponya jeraha la tawi lililokatwa, huchanua wakati wake, na hayo yote hukatika unapokauka. Anayelikatisha jambo hilo kwa kutojali, tena mara kwa mara, anajizoeza kuviona vilivyo hai kama vitu vya kutumia na kutupa. Mazoea hayo hayaishii kibarazani.

Wanazuoni wale waliweka sharti, pale inapowezekana, na sharti hilo ndilo fundo la suala zima. Aya ya mwisho ya Sura ya al-Baqara inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, na katika aya hiyohiyo waumini wanafundishwa kuomba wasichukuliwe kwa kusahau au kukosea. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifika jirani na hapo kwa njia ya akili, aliposhikilia kwamba jambo haliwezi kuwa wajibu kwa mtu asiyeliweza. Mwenye haraka atasema basi kesi imekwisha: aliyesahau kumwagilia hakuweza, na asiyeweza hana lawama. Lakini udhuru wa kusahau ni wa aliyepitiwa. Anayeujua mwenendo wake, aliyekwisha kuona maua ya namna moja yakikauka kwa sababu moja, hawezi kusema amepitiwa anaponunua tena yaleyale. Usahaulifu wake haumjii tena kama ajali, bali ni sehemu ya maisha yake anayoijua kama anavyoijua saa ya basi lake la asubuhi. Siku ya kusahau hana hiari. Siku ya kununua anayo yote: pesa ziko mkononi, ratiba anaijua, na muuzaji amesimama mbele yake tayari kuulizwa. Ikiwa wajibu hukaa pale uwezo ulipo, basi wajibu huu umekaa kwa muuza maua.

Maandiko ya Kikristo nayo yanaupeleka uzito mwanzoni mwa kazi. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi akahesabu gharama, asije akaweka msingi kisha akashindwa kumaliza. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 5, kinasema kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoitimiza. Mafundisho hayo mawili hayamsifu mtu kwa ukubwa wa alichokianza. Yanamtaka aijue nguvu yake kabla ya kufunga neno. Watu wetu husema ahadi ni deni, na anayebeba chungu kutoka kitaluni ametoa ahadi hata kama hakutamka kitu, kwa sababu kuanzia dakika ile mmea hauna mwingine wa kumtegemea.

Sasa hoja hii ingeanguka yote kama kila mmea ungetaka maji kila siku, maana hapo aliyesahau angekuwa anachagua tu kitakachochelewa kufa. Ushahidi wa maumbile unasema vingine. Chukua mmea ambao jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na ambao wauzaji wengi huuita ZZ. Wengi huudhani kuwa mgeni kwa sababu ulienezwa duniani na vitalu vya Uholanzi kuanzia miaka ya 1990, lakini kwao ni huku mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, na Zanzibar pia. Uking'olewa chunguni huonekana viazi vya mviringo vimekaa chini ya mashina, na pale kila shina linapotokea udongoni limevimba. Humo mote ni akiba ya maji. Kiangazi kikizidi, mmea huu hudondosha majani yake na kubaki kiazi, kisha mvua ikirudi huchipua upya. Sansevieria, yenye majani marefu manene yaliyosimama wima, na mishubiri pia, zina mbinu nyingine. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kila vikifunguka maji hutoroka. Mimea hii miwili huvifunga mchana na kuvifungua usiku wakati hewa imepoa, ikaihifadhi hewa ya ukaa ndani ya majani katika umbo la asidi na kuitumia jua linapotoka. Waridi la jangwani, linaloota lenyewe katika nyika za Kenya na Tanzania na ng'ambo katika milima ya Dhofar nchini Oman, limeweka maji katika shina lake nene lililofura.

Weka kando ya hiyo urujuani wa Usambara, ua dogo lililoandikwa katika elimu ya mimea mwaka 1893 baada ya ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kulipeleka Ulaya kutoka Tanga. Asili yake ni miamba yenye kivuli katika misitu yenye unyevu, na chunguni hutaka udongo uwe na unyevunyevu wakati wote bila kulowa chepechepe. Mimea yote miwili, ZZ na urujuani, ni ya huku kwetu, na yote ni mizuri. Tofauti ni kwamba mmoja umelelewa na kiangazi na mwingine umelelewa na ukungu. Mwenye nyumba anayeondoka siku kumi bila kumwagilia ameupa wa kwanza msimu unaoujua, na wa pili ameudhuru. Hata wingi wa mapenzi unaweza kugeuka dhuluma hapa. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo ukijaa maji kila siku hewa hutoka na mizizi huoza. Mshubiri unaomwagiliwa kopo asubuhi na jioni hulainika shingoni na kuanguka, huku aliyeumwagilia akishangaa amekosea wapi. Kwa hiyo kumwagilia sana si kipimo cha kujali. Kujali ni kumpa kiumbe kinachomfaa kwa kiasi kinachomfaa, na kwa baadhi ya mimea kiasi hicho kinapatana kabisa na maisha ya mtu asiye na nafasi.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema upendo wa kweli humnyoosha mtu, na kwamba badala ya kutafuta mmea mvumilivu, mtu ajirekebishe, ajifunze kukumbuka, na maua ndiyo yawe shule yake. Kuna ukweli ndani ya maneno hayo, kwani watu hubadilika na kulea kitu kunafundisha. Lakini shule hiyo ina gharama, na anayelipa si mwanafunzi bali mmea. Isitoshe, tabia hazijengwi kwa kuanza na lililo gumu kuliko yote. Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Bi Aisha inafundisha kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile za kudumu, hata zikiwa chache. Anayekagua vyungu vyake kila Ijumaa au kila Jumapili, mwaka mzima bila kukosa, ana nidhamu iliyo imara kuliko ya mwenye kumwagilia kila siku kwa siku tisa kisha akaacha. Akiisha kuimarika katika hilo dogo, ataweza kuongeza. Mtu akichagua kwa kuitazama nafsi yake ya siku njema, atachukua vingi vizuri vya kumshinda. Inafaa achague kwa kuitazama nafsi yake ya siku ya uchovu, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuwa zamu siku mmea utakapokuwa na kiu.

Wengine watasema kwamba asiyeweza kulea vizuri aache kabisa, kibaraza kibaki saruji tupu. Ni jibu safi kwa mtazamo wa lawama, kwani asiyepanda kitu hawezi kulaumiwa kwa kukikausha. Lakini dini zetu hazikumwita mtu akae bila lawama tu, zimemwita alime na atunze. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinamweka mtu wa kwanza bustanini kwa kazi hizo mbili. Nayo Hadithi iliyopokewa na Anas inamhesabia Mwislamu sadaka kila ndege, mtu au mnyama anapokula katika alichokipanda. Waridi la jangwani likichanua hutembelewa na wadudu, na mshubiri ukitoa ua hufuatwa na chozi kwa ajili ya nekta yake. Kheri hiyo ni ndogo, lakini ni kheri, na anayeweza kuifanya bila kumdhulumu kiumbe hana sababu ya kuikataa kwa kuogopa lawama.

Lipo pia suluhisho ambalo mijini tunalitumia bila kulifikiria, nalo ni kumwachia mtu mwingine. Mwenye nyumba hununua apendacho, na dada wa kazi ndiye humwagilia. Mpango huo unaweza kuwa wa haki ikiwa kazi hiyo imetajwa, imekubaliwa na inalipwa. Mara nyingi haikutajwa. Imeingia kimya kimya juu ya kufua, kupika na kulea watoto, na mmea ukikauka anayekemewa ni yule asiyeuchagua. Hapo uhusiano wa kuchagua na kuwajibika tulioanza nao umevunjika, kwa kuwa aliyefanya uchaguzi si anayebeba matokeo yake. Tuongeze suala la maji yenyewe. Katika mitaa ambako maji ya bomba hutoka kwa mgao na mengine hununuliwa kwa madumu ya lita 20, maua yanayotaka maji kila siku hushindana na chakula, udhu na kuoga. Mmea unaotosheka na kopo moja kwa wiki mbili hauwaingizi wenye nyumba katika mashindano hayo, na hilo peke yake ni hoja ya haki.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mwisho. Je, tuuache mrehani na asumini, vilivyo na manukato na vilivyoingia katika vikuba, harusi na ibada za watu wa pwani, kwa ajili ya majani magumu yasiyonukia? Mrehani chunguni hulegea majani siku moja tu ya jua kali, na asumini chunguni nayo haivumilii ukavu wa muda mrefu. Nikisema viachwe, nitakuwa nimepunguza utamaduni ili kuokoa ratiba. Jibu langu ni kwamba vipandwe pale vinapoweza kutimiziwa haki yao. Asumini ikipata ardhi, hata futi chache kando ya ukuta, mizizi yake itajitafutia na utegemezi wake kwa mtu utapungua sana. Chungu kimoja cha mrehani kikikaa kando ya mlango wa jikoni, ambako mchele huoshwa kila siku, kitapata maji ya kuoshea mchele bila kumtegemea mtu akumbuke. Vyungu vilivyobaki vya kibaraza viwe vya mimea mivumilivu. Kwa njia hii kanuni haikatazi kupenda kinachohitaji uangalizi mwingi. Inataka tu uangalizi huo uwe umepangwa kabla mmea haujaletwa nyumbani.

Ninachokitetea kisieleweke kuwa ruhusa ya kufumba macho. Hakuna mmea unaoishi bila chochote. Chungu lazima kiwe na tundu chini, udongo uchanganywe na mchanga ili maji yapite, na mahali pachaguliwe kwa haki: waridi la jangwani linataka jua la moja kwa moja, ZZ na sansevieria huvumilia kivuli cha baraza. Kabla ya kumwagilia, kidole kiingie udongoni hadi kiungo cha pili, au chungu kinyanyuliwe kupimwa uzito, na kikiwa bado kizito kiachwe. Usalama wa wengine nao ni sehemu ya kuchagua. Utomvu wa waridi la jangwani una sumu ambayo Wahadzabe wa Tanzania huitumia katika mishale ya kuwindia, na utomvu wa ZZ huwasha mdomo na ngozi, kwa hiyo nyumba yenye mtoto anayetambaa iiweke mimea hiyo juu au ichague mingine. Mambo haya hayachukui muda mwingi, ila yanataka mtu awe amefikiri, na kufikiri ndiko kunakokosekana mtu anaponunua kwa macho peke yake.

Ndiyo maana mwenye shughuli nyingi hapaswi kuona haya kwa kumuuliza muuza maua ni upi utakaostahimili wiki mbili bila maji. Swali hilo lina unyofu ndani yake, kwa kuwa anayeliuliza amekiri mbele ya mtu kwamba atasahau, na ameamua usahaulifu wake usilipwe na kiumbe kingine. Tungekuwa na desturi ya kuuliza hivyo kabla ya kila tunachojitwika, iwe ni mbwa wa kufuga, cheo cha msikitini au kanisani, au mtoto wa ndugu tunayeahidi kumsomesha, ahadi zetu zingepungua idadi na zingeongezeka uzito. Kibaraza ni mahali pazuri pa kuianzia desturi hiyo, kwa sababu pale makosa yetu bado ni madogo na bado yanarekebishika.